Usambara haijawahi kuwa volkano: uzi wa jinsi milima inavyozaliwa

Mwana Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote shikamooni.

Nafundisha jiografia sekondari hapa Tanga mjini. Kuna sentensi naikuta kwenye karatasi za wanafunzi, naisikia vijiweni Ngamiani, na nimeisikia hata kwa watu wazima waliosoma: kwamba milima ya Usambara ni volkano iliyolala na ipo siku itaamka. Si kweli, na inaniuma kwa sababu mtoto wa Tanga anaiona milima hiyo kila siku anga likiwa safi, akitazama upande wa Muheza. Ushahidi tunaukanyaga, halafu tunakariri mambo ya kubahatisha. Naomba tuelezane humu kwa kirefu.

Chukulia safari ya basi kutoka stendi ya Kange hapa Tanga hadi Moshi. Ukiwa bado Tanga, jiwe la kale la kujengea ni tumbawe. Nenda magofu ya Tongoni uangalie kuta kwa karibu, utaona alama za viumbe wa baharini ndani ya jiwe lenyewe. Pale mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji, mwamba ni wa chokaa, uliotandazwa chini ya bahari zama za dinosaria. Ukishaipita Muheza, ukaenda Korogwe mpaka Mombo, mawe yanabadilika: sasa ni mwamba mgumu wenye mistari myeusi na myeupe, unaitwa naisi. Fika Moshi, okota jiwe kando ya barabara. Mengi ni meusi au ya kijivu, na mengine yamejaa vitundu. Vitundu vile ni mapovu ya gesi yaliyonaswa lava ilipokuwa inapoa.

Jiwe lenye vitundu vya namna hiyo huwezi kuliokota Usambara, iwe Lushoto, Bumbuli au Amani. Mlima ukiwa volkano huacha mawe yake kila mahali, hauwezi kuyaficha.

Sasa milima inatoka wapi? Ganda la dunia si kipande kimoja. Limekatika mabamba makubwa, na mabamba hayo yanasogea, mengine sentimita mbili tatu kwa mwaka, mengine zaidi. Mjerumani Alfred Wegener alitoa hadharani hoja ya mabara kuhama mwaka 1912. Alipingwa vikali na mabingwa wa wakati wake, kwa sababu hakuweza kuonyesha ni nguvu gani inayoyasukuma. Alifariki Greenland mwaka 1930 hoja yake ikiwa bado imekataliwa na wengi. Ilipofika miaka ya 1960, baada ya sakafu za bahari kupimwa na kuchorwa, ndipo wataalamu walipokubali.

Mabamba yakigongana, miamba inabanwa, inakunjwa na kupandana. Hiyo ndiyo milima ya mikunjo. Bara Hindi zamani lilikuwa huku kusini, jirani na Afrika na Madagaska. Likasafiri kwenda kaskazini, na takriban miaka milioni 50 iliyopita likaanza kuibana Asia. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, matope na chokaa ya sakafuni mwake ikainuliwa ikawa Himalaya. Kilele cha Everest, mita 8,849, ni chokaa yenye visukuku vya viumbe vya baharini. Mahali pa juu kuliko pote duniani palikuwa chini ya maji ya bahari! Na kubana hakujaisha: tetemeko lililoipiga Nepal Aprili 2015 ni msukumo huohuo. Milima ya Alpi kule Ulaya na Atlasi ya Moroko na Aljeria nayo imetokana na Afrika kuisukuma Ulaya.

Mabamba yakiachana, ganda linavutika, linakuwa jembamba na kupasuka. Hapo hutokea mambo mawili, na Tanzania tunayo yote mawili. Ama magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapata njia ya kupanda, mkapata volkano. Ama ganda linapasuka tu, kipande kimoja kinapanda na jirani yake anashuka, bila tone la lava. Usambara ni hili la pili. Ni mabonge ya miamba ya kale yaliyonyanyuliwa kando ya nyufa. Ndugu zake ni Upare, Nguu, Uluguru, Udzungwa na, ukivuka mpaka, Taita. Safu nzima inaitwa Milima ya Tao la Mashariki.

Aliyefika Irente, juu ya Lushoto, atanielewa haraka. Unasimama ukingoni, na chini yako karibu mita elfu moja ni Mazinde na mashamba ya mkonge, yote tambarare. Ukuta ule umetokana na mpasuko, ingawa mvua za miaka na miaka zimeula na kuurudisha nyuma kutoka ulipoanzia. Uwanda wa chini, unaopita mto Pangani, ni kipande kilichobaki chini. Na Bonde la Lwengera, linalotenga Usambara Mashariki na Usambara Magharibi, nalo limefuata nyufa.

Karibuni kwa maswali na kwa hoja.

Kijana wa Makorora

Mwalimu nimekuelewa vizuri mno. Swali la haraka: Kilimanjaro na Usambara si mbali, saa chache tu za basi. Kwa nini kule moto ulitoka na huku haukutoka?

Mwana Chumbageni

Swali zuri sana hili, mdogo wangu.

Watu wengi wanadhani chini ya ganda kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Hakuna. Chini kule mwamba ni wa moto mno lakini ni mgumu, kwa sababu umegandamizwa na uzito wa kilomita nyingi za miamba. Ganda likivutika na kuwa jembamba, mwamba wa chini unapanda, mgandamizo unapungua, na sehemu yake inayeyuka hata bila kuongezewa joto. Ndiyo magma inavyopatikana kwenye Bonde la Ufa. Kilimanjaro, Meru, Lengai na Ngorongoro ziko ndani au pembeni ya tawi la mashariki la bonde hilo.

Nyufa za Usambara ni za kizazi kingine. Nyingi chimbuko lake ni wakati bara kuu la kusini, Gondwana, lilipoanza kuchanika na Madagaska kujitenga na pwani yetu zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Zimesogezwa tena baadaye, lakini ganda chini ya Usambara halikupunguka unene kiasi cha kuyeyusha mwamba.

Kwa umri, Kilimanjaro ni mtoto. Shira, kilele chake kikongwe, kilianza kujengeka miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita, baadaye kikabomoka. Wakafuata Mawenzi na Kibo. Kibo ndiyo yenye mita 5,895 tunazozikariri. Na Kibo haijafa: kwenye kasoko yake bado inatoka gesi yenye harufu ya kiberiti. Meru ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 hadi 2008.

Lengai inastahili uzi wake peke yake, lakini siwezi kuipita kimya. Lava ya volkano nyingi hufika zaidi ya nyuzi 1,000. Ya Lengai ni kati ya 500 na 600 tu, kwa sababu imejaa kaboneti ya sodiamu, jamii ya magadi. Inatiririka nyepesi, nyeusi, halafu ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe kwa muda mfupi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava kama hiyo. Iko Tanzania, na wanafunzi wetu wanafundishwa Vesuvio ya Italia kwanza.

Ngazija Tanga

Asalaam alaykum. Nina ndugu upande wa mama wako Ngazija, Komoro. Kule mlima Karthala si hadithi. Mwaka 2005 ulipolipuka majivu yaliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, na kule watu wengi wanategemea maji hayo, ikawa shida ya maji safi. Naomba kuuliza, je kisiwa chote ni mlima? Na Pemba na Unguja nazo zilitoka hivyo?

Mwana Chumbageni

Waalaykum salaam, na pole kwa ndugu zako.

Ndiyo, kisiwa chote ni kazi ya volkano. Karthala una mita 2,361 juu ya bahari, lakini hiyo ni sehemu inayoonekana tu. Volkano ilianza kujijenga kutoka sakafuni mwa bahari, lava juu ya lava, mpaka ikatokeza. Mauna Kea ya Hawaii ni hivyo hivyo: juu ya maji ni mita 4,207, lakini ukipima kuanzia tako lake chini ya bahari unapata zaidi ya mita 10,000.

Pemba na Unguja hapana. Kule ni chokaa, mchanga, udongo na matumbawe, hakuna mawe ya volkano. Ila Pemba ina jambo linalotuhusu sisi Tanga. Mkondo kati yetu na Pemba una kina cha mamia ya mita, na wavuvi wa Kigombe na Moa wanajua maji yanavyobadilika rangi ghafla ukitoka nje ya miamba. Pale napo ganda lilipasuka na kipande kikashuka. Kwa hiyo nguvu iliyoinyanyua Usambara nyuma yetu ina jamaa yake mbele yetu, chini ya maji.

Bi Mkubwa Pangani

Mwalimu mwanangu, sikupingi, lakini nieleze jambo moja. Pale Amboni kuna chemchemi ya maji ya moto yananuka kiberiti, watu wanakwenda kuoga kutibu ngozi tangu sisi wadogo. Kama hakuna volkano, nani anayachemsha?

Mwana Chumbageni

Shikamoo mama. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote wanazozitoa watu, na nafurahi umeileta wewe.

Kwenye ganda la kawaida, mahali pengi duniani, ukichimba kwenda chini joto linaongezeka nyuzi 25 hadi 30 hivi kwa kila kilomita. Huhitaji volkano. Wachimba migodi wanalijua hili kwa jasho lao. Sasa maji ya mvua yakizama kwenye ufa mrefu mpaka kilomita moja au mbili, yanapata moto huko chini. Yakikuta ufa mwingine wa kupandia, yanarudi juu yakiwa bado ya moto, na njiani yameokota chumvi na salfa kutoka kwenye miamba. Ndiyo harufu ile. Chemchemi ya Amboni inatuambia kwamba chini yetu kuna nyufa ndefu, jambo ambalo tunalijua tayari. Haituambii kwamba kuna magma.

Na mapango yenyewe ya Amboni nayo si kazi ya moto. Ni maji ya mvua yenye asidi hafifu, yakipita kwenye chokaa na kuiyeyusha taratibu. Zile simulizi za pango kufika Mombasa tumelelewa nazo wote na zina utamu wake, ila chokaa haiendi mbali hivyo bila kukatika.

Korogwe Stesheni

Nasoma kimyakimya tangu asubuhi, sasa naingia. Mwalimu, unasema Usambara ni ya mpasuko, si ya mikunjo. Mimi nimefanya kazi ya barabara, nimeyaona mawe ya ule mpando wa Mombo kwenda Soni yakikatwa. Yale mawe YAMEKUNJIKA. Mistari inapinda, inajirudia, mingine imejiviringa kabisa. Hakuna mtu atakayeniambia yale hayajakunjwa. Sasa hapo tukuamini wewe au tuamini macho yetu?

Mwana Chumbageni

Amini macho yako, kaka. Umeona sawasawa, na umegusa mahali ambapo vitabu vingi vya shule vinapita haraka.

Mistari ile imekunjwa kweli. Lakini mkunjo ulio ndani ya jiwe na mlima tunaoupanda leo ni matukio mawili yaliyopishana kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Kumbuka kashata inavyotengenezwa. Ikitoka jikoni, sukari bado ya moto, unaweza kuipinda unavyotaka nayo inakutii. Ikishapoa, ukiipinda inavunjika pande mbili, na kingo zake ni kali. Ni kitu kilekile, kilichobadilika ni joto. Miamba nayo iko hivyo. Ikiwa chini sana na moto inapinda bila kuvunjika. Ikiwa karibu na uso wa dunia, baridi, inapasuka.

Naisi ya Usambara ilipindwa ikiwa ya moto. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, vipande vya kale vya mabara viligongana kuiunda Gondwana, na mstari wa mgongano ulipita hapa, kutoka Msumbiji kwenda juu hadi Kenya na kuendelea. Ilikuwa safu kubwa ya milima ya mikunjo, na wapo wanaoilinganisha na Himalaya ya leo. Mawe tunayoyaona Soni yalikuwa tumboni mwa safu hiyo, kina cha kilomita zaidi ya 20, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 700. Hapo ndipo yalipojiviringa.

Unajuaje kina kile? Kaa mtoni Usambara, chota mchanga kiganjani, uukoshe polepole. Mara nyingi utabaki na chembe nyekundu nyekundu, ngumu, zinazong'aa juani. Ni garneti. Na ukipasua naisi ya kule utaziona zimekaa ndani ya jiwe kama zilivyokua, kila moja na mistari ikiizunguka. Garneti ya namna ile kwenye mwamba wa namna ile inahitaji mgandamizo mkubwa sana ili ijiumbe. Chembe hiyo kiganjani mwako ilizaliwa kilomita nyingi chini ya ardhi. Mawe ya vito ya Bonde la Umba, ambayo wachimbaji wa mkoa wetu wanayatafuta mpaka leo, yametoka kwenye miamba ya ukoo huu.

Safu ile ya kale iliisha. Mvua na mito viliila mpaka ikabaki nchi tambarare, na mawe ya tumboni yakajikuta juu, yamepoa. Baada ya hapo ndipo nyufa zikaja, na kwa kuwa mawe sasa ni baridi, hayakupinda tena, yalipasuka. Mabonge yakapanda. Huo ndio mlima wa leo.

Na ushahidi wa ile nchi tambarare bado upo. Ukimaliza kona za kutoka Mombo, ukaipita Soni, hukuti kilele kilichochongoka. Unakuta nchi pana yenye vilima vya mviringo, mashamba ya kabichi na viazi, vijiji vimetapakaa. Ni ardhi kongwe iliyonyanyuliwa pamoja na bonge lake.

Kwa hiyo mwanafunzi akiulizwa Usambara ni milima ya aina gani, jibu ni la mpasuko. Akiulizwa mawe yake yalipitia nini, hapo aeleze mikunjo. Atakayejibu yote mawili mimi nampa maksi zote.

Korogwe Stesheni

Nimekubali. Miaka yote nayaona yale mawe na hakuna aliyewahi kunieleza. Ahsante sana mwalimu.

Ukweli Mchungu

Mada nzuri lakini tuwe wakweli, haya yanamsaidia nini mtu wa Tanga? Vijana hawana kazi, nyie mnajadili mawe ya miaka milioni 500.

Mwana Chumbageni

Ndugu yangu, shida ya ajira ni kweli na siibezi. Ila nijibu swali lako kama ulivyoliuliza.

Fungua bomba hapa mjini. Maji yale yanatoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi, na Zigi unashuka Usambara Mashariki. Upepo wa kusi na wa kaskazi unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga ukuta wa kwanza mrefu unaokutana nao, unapanda, unapoa, mvua inanyesha. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nyuma ya milima, Mombo na Mkomazi, ni nyika kavu. Ukuta ule usingenyanyuliwa, mji wetu ungekunywa maji gani?

Na kwa kuwa mabonge haya yamekaa juu muda mrefu mno, yakipata unyevu wa bahari wakati nchi za chini zikikauka, viumbe vimejitenga na kubadilika humo. Ua maarufu la urujuani la Usambara, linalopandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, lilichukuliwa huku mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire.

La mwisho ni la uhai wenyewe. Mtu anayeogopa volkano Usambara anaogopa kitu ambacho hakipo, na anaacha kuogopa kilichopo. Hatari ya kweli kule ni maporomoko ya udongo: miteremko mikali, udongo mwekundu wenye kina, mvua nyingi, miti imekatwa. Nyumba ikijengwa chini ya mteremko uliokatwa wima, mlima hauhitaji moto kuiangusha.

Mkulima Bumbuli

Hapo mwalimu umesema. Huku kwetu masika mito inashuka myekundu kabisa, ni shamba linaondoka. Tunachimba matuta, tunapanda majani ya tembo kwenye kingo, lakini mvua ikizidi inachukua. Sasa nauliza: kama mvua inaila milima tangu enzi hizo, mbona haijaisha?

Mwana Chumbageni

Endelea na matuta na majani hayo kaka, hiyo ndiyo dawa.

Milima haiishi haraka kwa sababu ina mzizi. Ganda la bara ni jepesi kuliko mwamba wa koti, yaani tabaka nene lililo chini yake, kwa hiyo linaelea juu yake. Chini ya milima mirefu ganda huwa nene, limezama zaidi. Mvua ikipunguza uzito wa juu, ganda linainuka kidogo kufidia. Ondoa mita kadhaa juu, sehemu kubwa ya hizo inarudishwa kutoka chini. Ndiyo maana Himalaya inaliwa na mito mikubwa na bado inapanda kwa milimita chache kila mwaka.

Lakini mwisho upo. Msukumo ukikoma na mzizi ukaisha, kinabaki kile kilicho kigumu kuliko vyote. Hiyo ni milima ya masalia. Mawe makubwa ya Mwanza yaliyopandana ziwani ni matale (graniti) ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna aliyeyapandanisha: yalipasuka yakiwa chini ya ardhi, udongo uliokuwa kati yake ukaoshwa, yakabaki. Vilima vya mawe vya Dodoma na Singida ni vivyo hivyo. Havikuinuliwa, ila nchi iliyovizunguka ndiyo iliyoshuka.

Na kabla sijasahau, msidhani milima ya mpasuko lazima iwe mifupi. Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ni ya mpasuko kama Usambara, na ina mita 5,109 pamoja na theluji juu yake. Ni mrefu kuliko Meru.

Kijana wa Makorora

Mwalimu, shule yetu ya zamani wanapanga kupeleka kidato cha pili Lushoto. Wamezoea kwenda kupiga picha Irente na kurudi. Ukiambiwa upange wewe, ungewasimamisha wapi?

Mwana Chumbageni

Ningewaanzia Tongoni siku moja kabla, waguse tumbawe. Wachukue kipande kidogo kilichoanguka ufukweni, wasibomoe magofu.

Siku ya safari, kituo cha kwanza ni Mombo, chini kabisa, kabla ya kuanza kupanda. Wasimame wautazame ukuta wa mlima unavyoanza ghafla, uwanda na mlima bila vilima vya katikati. Wauchore kwa mkono, kila mtu kwenye daftari lake.

Kituo cha pili, njiani kwenda Soni, mahali ambapo gari linaweza kuegeshwa kwa usalama, maana kona zile ni mbaya. Watafute mistari iliyopinda kwenye mwamba uliokatwa. Mwalimu asiwaambie chochote kwanza, awaulize: jiwe gumu hivi lilipindaje? Awaache wabishane.

Soni washuke mtoni karibu na maporomoko, wakoshe mchanga, watafute chembe nyekundu. Wawe na sahani nyeupe ya plastiki, zinaonekana vizuri zaidi.

Irente iwe ya mwisho, mchana, ukungu ukishaondoka. Waoneshwe Mazinde chini, reli na mashamba ya mkonge, na upande wa pili nyika ya Wamasai. Mtoto aliyechora ukuta akiwa Mombo sasa yuko juu yake, auchore tena kutoka huku. Halafu kila mmoja ashike mawe yake, aeleze kwa mdomo wake mwenyewe kwa nini hapa si volkano. Asiyeweza arudi kwenye daftari, apewe muda.

Kama wanahitaji mtu wa kuwasindikiza, nitumie ujumbe humu ndani, Jumamosi nyingi nina nafasi.